Kelele za Nyaya, Kurasa Zilizofunikwa

Babu yangu, pale Kabuku, alikuwa na redio ya masafa mafupi na waya mrefu aliokuwa ameufunga kwenye mwarobaini. Jioni alisikiliza BBC na Sauti ya Ujerumani. Umeme ulipofika mtaani tulishangilia, lakini haikuchukua muda redio ikaanza kukwaruza. Majirani wakishachomeka chaja na kuwasha taa, habari zinapotea. Babu hakugombana na mtu. Alibeba redio yake, akaenda kukaa pembeni ya shamba la mkonge, mbali na nguzo.

Nilimkumbuka niliposoma kesi moja ya Marekani. Ni kesi ya kelele kama zile, ila wenzetu wale hawakuhama.

Wanaredio wa ridhaa ni watu wenye leseni wanaorusha na kupokea mawimbi kwa mapenzi tu, bila malipo. Wengi hupenda masafa mafupi, kwa sababu mawimbi yake hudunda kwenye tabaka la juu la anga na kuvuka bahari hata yakiwa na nguvu ndogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaja wazo la kupitisha intaneti ya kasi kwenye nyaya za umeme. Wazo tamu, maana waya tayari umefika kila nyumba. Shida ni kwamba waya wa umeme hauna ganda la kuzuia mawimbi yasitoke. Ukipitisha humo mawimbi ya kati ya megahezi 1.7 na 80, unageuka antena ya mtaa mzima. Na masafa mafupi yamo humo humo.

Tarehe 14 Oktoba 2004, tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikapitisha kanuni za teknolojia hiyo. Wanaredio, kupitia chama chao cha ARRL kilichoanzishwa 1914, walikuwa wamepinga. Tume ikaona kelele zinadhibitika.

Miezi miwili baadaye, tarehe 26 Desemba, tsunami ikapiga bahari yetu hii ya Hindi. Mawasiliano ya visiwa vya Andaman yakavurugika. Kundi la wanaredio wa ridhaa wa India, lililokuwa Port Blair kwa shughuli zake, likawa linapeleka bara habari za walio hai. Hivi, ishara dhaifu kama ile ingesikika vipi kwa mpokeaji aliyezungukwa na kelele za nyaya?

ARRL ikaenda mahakamani. Ilikuwa imeomba tafiti za wahandisi wa tume yenyewe, ikapewa kurasa ambazo baadhi ya sehemu zake zimefunikwa. Tarehe 25 Aprili 2008, mahakama ya rufaa ya Washington ikaamua kwamba tume haiwezi kutegemea utafiti kutunga kanuni, halafu ikawaficha sehemu zake wananchi wanaotakiwa kutoa maoni. Ikaitaka pia ieleze vizuri kwa nini ilichagua kipimo kile cha kukadiria kelele zinavyopungua kadiri unavyosogea mbali na waya.

Haukuwa ushindi kamili. Mwaka 2011 tume ilibaki na kipimo chake. Soko nalo lilikuwa na neno lake: mji wa Manassas, Virginia, uliosifiwa kama mfano wa huduma hiyo, uliifunga mwaka 2010, maana hailipi.

Lakini zile kurasa zilifunuliwa, na hapo ndipo kesi hii inanigusa. Mimi ni mwandishi wa habari. Nimekaa kwenye mikutano mingi ya wadau tukiombwa maoni juu ya ripoti ambayo hakuna aliyeisoma, tukapewa muhtasari na chai. Nami nikanywa chai, nikaandika habari, nikaondoka. Yaani nilihamisha redio yangu, kama babu. Yeye walau hakuwa na pa kuuliza. Mimi ninapo, na kuuliza ndiyo kazi ninayolipwa.