Kabla Manju Hajainua Sauti

Kanuni ya mashindano ya ngoma Usukumani ni fupi. Vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja, kila kimoja na upande wake, vinaanza kucheza kwa wakati mmoja. Watazamaji wako huru. Anayevutwa na upande huu anasogea huku, akichoka anavuka kwenda ule, na mwishoni upande uliozungukwa na umati mkubwa zaidi ndio ulioshinda. Kwa kanuni hiyo Wasukuma wamegawanyika katika vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, tangu katikati ya karne ya 19. Maswa, pamoja na nchi ambazo leo ni wilaya za Bariadi, Itilima na Meatu, imeishi ndani ya mgawanyiko huo kwa vizazi.

Masimulizi yanawataja waasisi wawili, Ngika na Gumha. Wote wawili walikuwa waganga na wote wawili walikuwa wachezaji, na ubishi wao ulihusu dawa: ya nani ina nguvu zaidi? Hawakumalizana kwa mikuki. Walikubaliana kucheza, watu waje, na umati utoe hukumu. Wafuasi wa Ngika wakawa Wagika, wa Gumha wakawa Wagalu, na tangu hapo karibu kila kikundi cha ngoma katika nchi ya Wasukuma kimejihesabu upande mmoja au mwingine. Dawa ya kuvuta watu, samba, bado inatajwa kila panapozungumzwa siri ya kushinda.

Mengi yaliyoandikwa na kusimuliwa kuhusu mashindano haya yamemfuata mtu mmoja: manju, ambaye Wasukuma humwita ningi. Yeye ndiye mtunzi, ndiye mwenye sauti, ndiye anayemrushia mpinzani wake maneno ya kejeli na kujibiwa, na jina lake ndilo linalobaki vijijini miaka mingi baada ya kufa. Heshima hiyo anastahili. Lakini ukiitazama vizuri kanuni ya uwanja, utaona kwamba manju hawezi kushinda peke yake. Mashindano yanaweza kuchukua siku kadhaa, hata kufikia wiki mbili. Hakuna koo linaloimba muda wote huo. Kuna saa ambazo uwanja unashikwa na wapiga ngoma, wachezaji vijana, wenye nyoka, wenye majembe, na saa hizo ndizo umati unapojengwa au kuvunjika. Upande unaotegemea manju wake tu utamkabidhi uwanja mtupu.

Kwa hiyo swali la haki kwa anayelinganisha Wagika na Wagalu ni hili: nani alikuwa na ngoma nzuri zaidi kabla ya ngoma kubwa, ile ya manju?

Hapo ndipo utajiri ulipo. Chukua bugobogobo, ngoma ya jembe. Vijana walioungana katika vikundi vya kulima, maarufu kama elika, walikwenda shamba hadi shamba wakilima kwa zamu au kwa malipo, na ngoma ilikwenda nao. Mpiga ngoma alisimama mbele ya mstari wa walimaji, na kila jembe lililoinuliwa lilishuka kwa mdundo mmoja. Kazi iliyomchosha mtu mmoja kwa siku nzima ilikwisha mapema, tena kwa nyimbo. Kikundi kilipofika uwanjani kushindana, mazoezi yalikuwa yameshafanyika: miezi mizima ya kupiga ardhi pamoja. Majembe yale yale yalirushwa hewani, yakapokewa, yakasimamishwa mwilini bila kuanguka. Anayeiona bugobogobo leo jukwaani anaweza kudhani ni sarakasi iliyobuniwa kwa ajili ya wageni. Mizizi yake ni matuta ya pamba na mtama, na ndiyo maana wachezaji wake hawaachani hata kwa nusu pigo.

Kisha Wayeye, watu wa nyoka. Hawa walikuwa chama chenye siri zake, chenye kuingizwa kwa masharti, na elimu yao ilikuwa ya kazi: kuwakamata nyoka na kumtibu aliyeumwa. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, aliandika juu yao mwaka 1946, akaonyesha kwamba nyuma ya mchezo kulikuwa na utabibu uliopangwa. Uwanjani Wayeye walimtoa chatu, wakamzungusha shingoni, wakamfanya kuwa mshiriki wa ngoma. Hakuna mtoto aliyebaki upande wa pili chatu alipotoka kwenye kapu. Kwa dakika hizo manju wa upande wa pili, hata awe hodari kiasi gani, alikuwa akiimbia migongo ya watu.

Banungule nao walikuwa wawindaji wa nungunungu, mnyama anayeharibu mashamba usiku. Mwindaji alijipenyeza ndani ya shimo la mnyama mwenye miiba, kazi ya kutisha kuliko inavyosikika, na ngoma yao ilirudia mbele ya watu yale yaliyofanyika gizani chini ya ardhi. Wigashe ilikwenda kinyume na zote: waimbaji waliketi, na mvuto ukabebwa na sauti na mikono. Palikuwepo pia sanamu za mbao, nyingine zikiwa na viungo vinavyochezeshwa, ambazo zilitolewa ghafla pale watu walipoanza kupungua. Baadhi ya sanamu za aina hiyo sasa zimo katika makumbusho na mikusanyo ya watu binafsi Ulaya na Marekani, zimesimama kimya kwenye kabati za vioo. Anayezitazama huko ajue kwamba zilichongwa ziwe za kushtukiza, na kwamba sifa ya mchongaji ilikuwa mbio za watu kuelekea upande wake.

Mtu akidai kwamba Wagika walikuwa bora kuliko Wagalu katika ngoma hizi za mwanzo, au kinyume chake, atakuwa anasema alikozaliwa. Ushindani wenyewe haukuruhusu ubora ukae upande mmoja kwa muda mrefu. Mbinu mpya ilionekana na maadui wote mchana kweupe, na msimu uliofuata ilikuwa imeshaigwa, imeongezwa, imegeuzwa. Waliofaidika ni watazamaji, pamoja na wale wachezaji ambao majina yao hayakuimbwa. Walilazimika kuwa bora kwa sababu kosa lao lilionekana papo hapo: watu waliondoka.

Maswa ilikuwa na sababu zake za kuwa nchi ya mashindano. Chini ya Waingereza ilikuwa moja ya wilaya tano za Usukuma, pamoja na Mwanza, Kwimba, Geita na Shinyanga, na ndani yake zilikuwamo himaya za watemi kama Ntuzu, Kanadi, Itilima, Dutwa na Mwagalla. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipitia Malampaka, na pamba ikapata njia ya kutokea. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo cha pamba kilipanuka kwa kasi. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, muungano ulioongozwa na Paul Bomani, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Kalenda ya shamba na kalenda ya ngoma zilipatana: mavuno yakiisha, kuanzia Juni hivi, mikono inapumzika, chakula kipo, na fedha za pamba zinaanza kuingia. Mtazamaji mwenye shilingi mfukoni humtuza mchezaji anayempendeza, na mchezaji anayetuzwa hurudi mwaka ujao na jambo jipya.

Kanisa nalo liliingia, kwa namna isiyotarajiwa. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alianzisha parokia ya Bujora karibu na Mwanza katika miaka ya 1950. Badala ya kuzifukuza ngoma, alizikaribisha. Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, inayoangukia mwanzoni mwa msimu wa ngoma, ikawa Bulabo, tamasha ambalo Wagika na Wagalu wanakutana kila mwaka. Makumbusho ya Wasukuma yalifunguliwa hapo hapo Bujora mwaka 1968. Uamuzi wa Clement ulikuwa wa busara kubwa, kwa sababu aliokoa mashindano mazima, pamoja na ngoma ndogo. Angeweza kuchagua nyimbo chache nzuri na kuziingiza kanisani, mengine yakafa.

Ulinganifu na mashindano mengine unasaidia kuona upekee wa jambo hili. Pwani, vyama vya beni vya Marini na Arinoti vilishindana tangu wakati wa ukoloni wa Wajerumani, kwa bendi, gwaride, mavazi ya kijeshi na karamu. Mwanahistoria Terence Ranger alivifuatilia katika kitabu chake cha mwaka 1975. Fahari ya beni ilikuwa kubwa, lakini mara nyingi iligeuka mashindano ya matumizi: nani ana sare nzuri, nani kachinja zaidi. Dar es Salaam ya miaka ya 1990 ilikuwa na vita yake ya vikundi vya maonyesho, Tanzania One Theatre ya John Komba dhidi ya Muungano ya Norbert Chenga. Maonyesho yao yalichukua saa nyingi na yalibeba kila kitu: ngoma za asili, sarakasi, vichekesho, maigizo, na mwisho taarab. Watu walikuja kwa ajili ya mipasho ya Khadija Kopa na Nasma Khamis Kidogo. Ngoma iliyowekwa mwanzo ilichezwa watu wakiingia na kutafuta viti, na hata ikichezwa vibaya tiketi ilikuwa imeshalipwa. Hapakuwa na upande wa pili wa kukimbilia.

Upande wa pili ulikuwepo Marekani, ajabu kidogo, katika mieleka ya kulipwa. Kuanzia Septemba 1995 hadi Machi 2001 kampuni mbili, WWF na WCW, zilirusha vipindi vyao Jumatatu usiku kwa wakati mmoja, na rimoti ikafanya kazi ya miguu ya mtazamaji wa Usukumani. WCW iliongoza kwa wiki 83 mfululizo. Kina Hulk Hogan na Kevin Nash walishikilia pambano la mwisho, lakini ufundi halisi ulikuwa katika mapambano ya utangulizi, mikononi mwa wanamieleka wadogo wa umbo kama Rey Mysterio Jr., Eddie Guerrero, Dean Malenko na Chris Jericho. Nguvu ya WWF ilikuwa juu kabisa, kwa Steve Austin na The Rock. Tatizo la WCW ni kwamba wale wa utangulizi hawakupandishwa ipasavyo. Jericho alihamia kwa mpinzani mwaka 1999, Guerrero na Malenko wakafuata mwanzoni mwa 2000, na mwaka mmoja baadaye kampuni yenyewe ikanunuliwa na WWF.

Wagika na Wagalu hawakuwa na mwenye kampuni wa kumziba kijana njia. Aliyeanza kama mwitikiaji alijifunza kwa manju mkubwa, akapewa dawa zake, akapata watu wake mwenyewe, akaanzisha mduara wake wa ngoma. Ndiyo maana vyama hivyo viwili vimepita karne na nusu, vikavuka utemi, ukoloni, vijiji vya ujamaa na kuporomoka kwa bei ya pamba.

Leo Maswa ni wilaya ndani ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na kufanya Bariadi makao makuu yake. Nyimbo za Kisukuma hazijapungua, pengine zimezidi: waimbaji wanarekodi studio, video zinatembea kwenye simu, na mwimbaji mmoja mwenye kinanda hujaza uwanja wa harusi. Kinachopungua ni mduara wa pili. Video haina mpinzani anayecheza hatua hamsini kutoka hapo, na studio haihitaji mtu wa chatu wala vijana ishirini wa majembe. Mashuleni, ngoma imepata nafasi katika UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, jambo la kushukuru sana, ila vikundi vinapanda kimoja kimoja na majaji wanatoa alama kwenye karatasi. Mtoto anayecheza bugobogobo pale anajifunza kumpendeza jaji aliyekaa kitini na ambaye hawezi kuondoka.

Halmashauri za Simiyu zina viwanja, zina msimu wa mavuno, na wazee waliocheza pande zote mbili bado wapo. Kinachohitajika ni shule mbili kuingizwa uwanjani pamoja, kila moja upande wake, ngoma zianze kwa filimbi moja, na wanafunzi wengine wote waruhusiwe kutembea.