Rugo, Boma, Lupango: Ua Ndio Unaofanya Nyumba

(Muziki wa kipindi. Unashuka polepole.)

Tunazungumza nanyi kutoka hapa Bujumbura hadi kwenu Musasa, Kavumu, Bwagiriza na kwingineko. Na wewe pia unayetusoma kwenye karatasi kwa sababu redio imeisha betri. Leo, katika sehemu ya historia, tunazungumzia nyumba: watu wa zamani walijengaje makao ya kuwalinda, na sisi wa kambini tunaweza kuchukua nini kwao?

Ukipita leo mitaa ya Kiriri au Rohero hapa mjini, utaona kuta ndefu na mageti ya chuma, na juu ya ukuta vipande vya chupa au waya wa miiba. Nyumba yenyewe huioni. Wengi wetu tunasema, "Siku moja na mimi nitajenga hivyo, nilale bila hofu." Si vibaya kutamani. Lakini Burundi ilikuwa na nyumba yenye ulinzi kabla ya saruji kufika. Kwa Kirundi inaitwa urugo.

Warundi wa zamani hawakukaa vijijini nyumba kwa nyumba. Kila familia ilikaa peke yake kilimani, katikati ya migomba na mashamba yake, na kuizunguka yote kulikuwa na ua wa miti hai. Mti mmoja uliotumika sana ni mnyaa. Unakata tawi, unalichomeka ardhini, linaota. Hununui kitu. Ng'ombe na mbuzi hawali, na maziwa yake yanachoma macho, kwa hiyo mtu hapiti katikati yake ovyo.

Mlango wa ua ni irembo. Ukiingia unakuta uwanja wa mbele, ambapo ng'ombe walilala usiku na moto uliwashwa ili moshi ufukuze wadudu. Kisha ipo nyumba yenyewe, ya duara kama kikapu kilichofunikwa: miti imesimikwa kwa mviringo, ikakunjwa na kufungwa juu, ikasukwa kwa matete, ikaezekwa nyasi hadi karibu na ardhi. Nyuma kulikuwa na maghala ya nafaka, na mahali pa wenyeji tu. Mgeni alikaribishwa mbele. Nyuma hakwenda bila kuitwa. Sioni kama yote haya yalitengenezwa kumtisha mtu. Yalipanga tu nani afike wapi.

Kazi ya kujenga haikuwa ya mtu mmoja. Majirani walikuja kwa ikibiri, yaani kusaidiana kwa zamu, na mwenye nyumba aliwapa pombe ya ndizi. Leo kwako, kesho kwangu.

Tusiisifu kupita kiasi. Nyumba ile ilikuwa na moshi na giza, nyasi zilioza, na cheche moja iliweza kuimaliza. Ndiyo maana watu wengi walihamia matofali, vigae na mabati. Lakini kuna jambo la kushangaza: nyumba ilikufa, ua ukabaki. Mahali palipokuwa na makao ya wafalme, watu walitambua kwa miti mikubwa ya zamani iliyobaki imesimama. Mahali hapo huitwa ikigabiro. Hakuna ukuta wala jiwe la msingi, ila miti.

Ukitaka kuona mfano, nenda Gishora, kilomita chache kutoka Gitega. Mahali hapo panahusishwa na Mwami Mwezi Gisabo, aliyeianzisha baada ya kumshinda mwasi Ntibirangwa. Utaona nyumba ya kifalme iliyojengwa upya kwa mtindo wa zamani, na ngoma maarufu Ruciteme na Murimirwa. Hata nyumba ya mfalme ilikuwa ya miti, matete na nyasi, kama ya mkulima. Tofauti ni ukubwa na ufundi.

Mwezi Gisabo alimzuia Rumaliza, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Ujiji, asiiteke nchi yake. Lakini Wajerumani walikuja na bunduki za kisasa. Walijenga kituo cha kijeshi Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, na mwaka 1903 wakamlazimisha Mwezi kukubali mkataba wa Kiganda. Mwaka 1912 walihamishia makao yao makuu Gitega. Jengo kama lile la Wajerumani, Waswahili waliliita boma.

Sikiliza neno hilo. Boma ni ua wa ng'ombe, ni makao ya familia, na ni ngome ya serikali. Rugo nalo ni ua na pia ni familia: mtu akioa, Warundi husema amejenga urugo. Na sisi Wakongo wengi tunasema lupango, yaani kiwanja chenye ua na wote wanaokaa ndani. Lugha tatu, mawazo yale yale: paa linakukinga na mvua, lakini ua ndio unaosema hapa ni kwa watu fulani, bisha hodi.

Kwa hiyo mtu akiondolewa kwenye ua wake anapoteza zaidi ya paa. Septemba 1999, wakati wa vita, watu zaidi ya 300,000 wa vilima vinavyozunguka Bujumbura waliondolewa kwao na kuwekwa pamoja kwenye makambi. Nelson Mandela, msuluhishi wa mazungumzo ya Arusha, alisisitiza yafungwe, na yakafungwa mwaka 2000. Walikaa kwenye vibanda vilivyosongamana, kila mmoja akimsikia jirani akikohoa. Wewe unayenisoma kambini unajua hali hiyo.

Kanuni za misaada za Sphere zinataka kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 ndani ya nyumba. Hesabu kwako. Lakini kanuni hiyo inapima chini ya paa. Haimpimii mama mahali pa kuoga mtoto bila kutazamwa na wapita njia.

Basi tufanye nini? Kwanza, ongea na kiongozi wa mtaa wako kabla ya kupanda chochote. Pili, panda ua hai kuliko kufunga nyasi kavu, kwa sababu nyasi kavu hubeba moto kutoka nyumba hadi nyumba. Tatu, palipo na watoto wadogo usipande mnyaa. Maziwa yake ni hatari kwa macho. Chagua mti mwingine. Nne, nafasi tupu kati ya mitaa usiizibe. Kambi hupangwa na mita 30 za wazi kwa kila mita 300 za nyumba, ili moto ukatike hapo. Na tano, panda kwa ikibiri: leo kwa bibi asiye na nguvu, kesho kwako.

Maswali ya kujadili kwenye kikundi chenu: Kwenu, ua uliitwaje? Nani alikuwa na haki ya kufika nyuma? Hapa kambini, ni nani bado hana hata pazia?

Tuandikieni majibu, tutayasoma wiki ijayo. Kwa herini, na mbishe hodi kwa majirani.

(Muziki unapanda.)