Mechi Ambayo Haikuchezwa

Jumapili ya tarehe 2 Mei 2021 nililipa shilingi 30 kuingia banda la video pale sokoni Kibirichia, niangalie Manchester United na Liverpool. Mechi haikuchezwa. Tuliona mashabiki wakikimbia huku na kule katikati ya uwanja wa Old Trafford, na mwenye banda akatuambia pesa hairudishwi kwa sababu eti "si mmeona kitu?" Na kweli tulikuwa tumeona kitu.

Mimi si wa Man U. Ni wa Arsenal, ugonjwa niliourithi kwa mjomba. Lakini hasira ya wale jamaa niliielewa. Mwaka 2005 familia ya Glazer kutoka Marekani iliinunua klabu yao kwa karibu pauni milioni 790, na sehemu kubwa ya pesa hiyo ilikuwa mkopo. Deni likawekewa klabu yenyewe. Yaani mtu akununue kwa mkopo, halafu wewe ndiye ulipe. Wengine waliondoka mwaka huohuo wakaanzisha FC United of Manchester, ambapo kila mwanachama ana kura moja. Waliobaki walikuja kuvaa kijani na dhahabu, rangi za Newton Heath, jina la klabu hiyo kabla ya 1902. Halafu Aprili 2021 klabu 12 za Ulaya, Arsenal yangu ikiwemo, zikatangaza ligi yao ya matajiri bila kumuuliza shabiki yeyote. Kwa upande wa Waingereza iliporomoka ndani ya siku mbili hivi, lakini kidonda kilikuwa kimeshaguswa.

Cha Arsenal ndicho kiliniuma zaidi. Stan Kroenke alianza kununua hisa 2007, akapata nyingi 2011, na mwaka 2018 akanunua asilimia 30 hivi za Alisher Usmanov. Baada ya hapo walibaki mashabiki wadogo wadogo, mwingine na hisa moja tu aliyoachiwa na babu yake. Kila hisa ilithaminiwa zaidi ya pauni 29,000. Ukiangalia hiyo hesabu unasema, bana, si wauze tu!

Mwaka huo nilikuwa bado chuo, kabla karo inishinde. Niliporudi nyumbani nikamsimulia mjomba. Mjomba ana cheti cha hisa za ushirika wa maziwa, amekiweka ndani ya Biblia, na huwezi kukigusa bila kunawa mikono. Akaniuliza, "Na kama mtu hataki kuuza?"

Nikamwambia sheria ya Uingereza inamruhusu mwenye zaidi ya asilimia 90 kuwalazimisha waliobaki.

"Hiyo si kununua," akasema. "Hiyo ni kumtoa mtu kwa shamba lake."

Hakuwa anazungumzia pesa. Mwenye hisa moja alikuwa na haki ya kuketi kwenye mkutano wa mwaka, anyanyue mkono, amuulize mwenyekiti swali la kipumbavu. Hiyo ndiyo ilienda. Na niseme ukweli, tangu timu ianze kucheza vizuri tena, kelele zimepungua, hata zangu.

Sasa utaniambia, bila tajiri mpira unaishije? Swali zuri. Gor Mahia na AFC Leopards ni za mashabiki wao, na mwaka 2019 SportPesa ilipojiondoa kwenye udhamini, njaa iliingia. Timu za kampuni nazo? Oserian Fastac, ya shamba la maua kule Naivasha, ilichukua ligi ya Kenya 2001 na 2002. Mtafute kijana wa miaka 20 umuulize kama amewahi kuisikia. Ya mwenye mali huondoka na mwenye mali.

Jirani zetu Watanzania walijaribu njia ya katikati. Mwishoni mwa 2017 Mohammed Dewji alishinda zabuni ya kuwekeza shilingi bilioni 20 za Tanzania ndani ya Simba, klabu ya tangu 1936. Serikali ikasema wanachama wabaki na asilimia 51, mwekezaji achukue 49. Wajerumani wana kanuni inayofanana na hiyo tangu 1998. Simba ikabeba ligi mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021, ingawa mabishano kuhusu hizo bilioni hayakuisha. Lakini angalau kuna mahali pa kubishania. Mimi ningechukua hiyo, na kelele zake zote.

Nasema hivyo kwa sababu sisi pia tulinunuliwa. Kuna mwaka wa kampeni mwanasiasa mmoja aliletea timu yetu ya kijiji jezi mpya, mipira mitatu na basi la kwenda mechi za ugenini. Sura yake ilikuwa mgongoni, juu ya namba. Nahodha aliyeuliza kwa nini rangi yetu imebadilishwa aliambiwa akatafute timu nyingine, na sisi wengine tukanyamaza, kwa sababu basi lilikuwa na viti vizuri. Mwanasiasa alishindwa uchaguzi. Basi halikurudi, wala ile mechi ya Jumamosi iliyofuata hatukuicheza.

Jezi yangu namba 6 bado iko. Mjomba huivaa akienda kuchimba viazi.