Chambo cha Madini na Hekima ya Mvuvi

Tunapoutaja utamaduni wa taifa letu, wengi hukumbuka kwanza ngoma, mashairi na vinyago. Ni haki kuvikumbuka. Lakini kazi impatiayo mtu chakula nayo ni utamaduni, na zana ndogo iliyo mkononi mwa mvuvi yaweza kutueleza mengi juu ya wazee wetu na juu ya walimwengu wenzetu. Katika insha hii twakusudia kukitazama chambo cha madini, yaani kibati kilichopindwa mfano wa kijiko kisicho na mpini, kilichotiwa ndoana ili kivutwe majini.

Uvuvi wa pwani yetu ni wa kale. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki yapata karne ya kwanza, chataja kisiwa cha Menouthias katika pwani hii. Watu wake walikuwa na vyombo vilivyoshonwa na mitumbwi ya gogo moja, wakivua na kukamata kasa. Walitega pia makapu katika milango ya maji badala ya nyavu. Mwenye kuyajua madema yetu hatastaajabu kusoma habari hizo.

Pamoja na mitego na nyavu, wavuvi wetu wanao ujuzi wa kurambaza. Mshipi huachwa nyuma ya chombo kinachokwenda, na chambo hukimbia majini kama samaki mdogo. Hivyo ndivyo watafutwavyo nguru, jodari na kolekole. Hao huwinda kwa macho, na kwa sababu hiyo si lazima chambo kiwe nyama. Kitambaa cheupe, manyoya au kitu kinachometa chaweza kutosha.

Hekima hii si ya taifa moja. Watu wa visiwa vya Pasifiki walichonga vyambo vya ganda la chaza kabla ya kupata madini. Huko Marekani, Julio Buel, mzaliwa wa Vermont, aliandikisha serikalini haki ya uvumbuzi wa chambo chake cha kijiko mwaka 1852. Husimuliwa kwamba aliangusha kijiko ziwani, akamwona samaki akikirukia. Baadaye viwanda vilivitoa vyambo hivyo kwa wingi, vikawa vya bei nafuu.

Siri ya chambo hiki ni mpindo wake. Kinapovutwa, maji hukisukuma huku na huku, kikayumba na kurusha mwanga wa jua. Samaki mkubwa hudhani ameona samaki mdogo aliyejeruhiwa. Tamaa mbele, mauti nyuma. Hata hivyo urahisi wa bei haumwondolei mvuvi wajibu wa kujua. Chombo kikienda mbio kupita kiasi, chambo huzunguka na kuusokota mshipi. Kikienda polepole mno, chambo huzama bila uhai. Meno ya nguru hukata mshipi, basi lazima karibu na ndoana pawe na waya. Shaba nayo ikififia, husuguliwa kwa mchanga au jivu hata ing'ae tena.

Tumeyaeleza haya kwa sababu bahari yetu imeonja zana nyingine isiyo na hekima. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1970, lakini uliendelea kwa miaka mingi, ukivunja matumbawe ambayo ni nyumba na malezi ya samaki. Baruti haichagui: huua mkubwa na mchanga pamoja. Mwaka 1995 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ya kwanza nchini, ili mali hiyo ilindwe.

Mshipi wa kurambaza hupita juu ya matumbawe bila kuyagusa, na ndoana moja hutwaa samaki mmoja. Hatusemi kwamba kazi hiyo humtajirisha mtu. Ziko siku ambazo mvuvi hurudi na chombo kitupu, na watoto wanamngoja. Lakini kesho aweza kurudi mahali pale pale, na mwanawe baada yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi tusione haya kuipokea zana ya mgeni, wala tusiidharau kwa kuwa ni ya senti chache. Zana hugeuka kuwa utamaduni wetu inapotumiwa kwa ujuzi na kwa kiasi. Vijana na wafundishwe kurambaza kama wanavyofundishwa mashairi, ili warithi pamoja mshipi na bahari yenye samaki.