Nyumba za Biskuti za Krismasi Ujerumani

Biskuti za viungo za Krismasi zina historia ndefu mjini Nürnberg. Misitu ya jirani ilikuwa na asali tele, na wafanyabiashara walileta mdalasini, iliki na karafuu kupitia Venice. Mwaka 1643 waokaji wa Nürnberg walipata chama chao cha mafundi. Hadithi ya Hansel na Gretel, yenye nyumba ya kuliwa, iliyochapishwa na ndugu Grimm mwaka 1812, ilichangia kueneza nyumba za biskuti, na hapo ndipo watoto walipopata kazi iliyo tamu kuliko zote. Mtu mzima huoka kuta. Watoto huziunganisha kwa ute wa yai uliopigwa na sukari laini, wakishikilia pembe kwa subira. Paa likiwahishwa kabla kuta hazijashika, huporomoka. Likisimama imara, hupambwa kwa peremende na lozi.