Ruzuku ya wazee Busia na Tororo: Kipimo ni umri au umaskini?

Kwa macho Busia ni mji mmoja, lakini kisheria ni miwili: mmoja wa Kenya, mwingine wa Uganda, jirani na wilaya ya Tororo. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili, na ndugu waliozeeka pamoja wanaweza kutenganishwa na lango la forodha. Linapokuja suala la ruzuku ya serikali, lango hilo lina uzito mkubwa.

Nchini Kenya, mpango wa Inua Jamii humpa mzee wa miaka 70 na zaidi, asiye na pensheni, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, ingawa malipo huchelewa mara kwa mara. Nchini Uganda, mpango wa SAGE hutoa shilingi 25,000 za Uganda, ambazo hazifikii nusu ya kiwango cha Kenya. SAGE ilipoanzishwa mwaka 2010 katika wilaya chache, umri wa kustahili ulikuwa miaka 65, na 60 huko Karamoja. Ilipoenezwa nchi nzima katika mwaka wa fedha 2020/21, wanaosajiliwa upya walitakiwa kuwa na miaka 80. Bajeti ndiyo iliyoamua. Kwa hiyo mwenye miaka 72 anaweza kulipwa akiwa Mkenya, huku nduguye wa upande wa pili akisubiri miaka minane zaidi.

Kenya nayo ilibadili kipimo. Kabla ya mwaka 2018 ilianzia miaka 65, lakini kwa kaya zilizothibitishwa kuwa maskini sana tu. Kupima umaskini ni kazi ngumu mahali ambapo watu wengi hawana hati ya mshahara, hivyo maofisa hutazama vitu: paa, sakafu, choo, maji, mifugo. Umri una utata mdogo zaidi, ila unamlipa hata mzee mwenye watoto wenye uwezo.

Udhaifu wa vipimo vyote viwili ulionekana Machi 2020, nchi hizo zilipozuia abiria kuvuka mpaka kwa sababu ya COVID-19 na kuruhusu malori ya mizigo pekee. Wachuuzi, wabadilishaji fedha na waendesha boda boda, kazi ambayo jina lake linasemekana kuzaliwa hapohapo mpakani, walipoteza kipato ghafla. Hawakuwa wazee. Wala paa la mabati halikuweza kueleza hali yao, kwani lilinunuliwa wakati biashara ilipokuwa nzuri.

Julai 2021 Uganda ilituma shilingi 100,000, mara moja tu, kwa watu wa kazi zilizoathirika jijini Kampala na katika majiji na manispaa nyingine. Mkulima wa kijijini Tororo aliyekuwa akiuza mazao mpakani hakuwamo.

Kizingiti kingine ni kitambulisho cha taifa. Ripoti ya mashirika ya haki za binadamu ya mwaka 2021 ilieleza kuwa wazee wengi nchini Uganda walikosa SAGE kwa kutokuwa nacho, au kwa sababu umri ulioandikwa ulikuwa na makosa. Mzee aliyezaliwa bila cheti, katika eneo ambalo familia zimekuwa zikivuka mpaka vizazi hadi vizazi, hana njia rahisi ya kuthibitisha mwaka wake wa kuzaliwa.

Hata hivyo, upimaji wa uwezo haujaachwa. Tangu Oktoba 2024, Kenya huutumia kukadiria mchango wa bima ya afya kwa wasio na ajira rasmi, kuanzia shilingi 300 kwa mwezi.