Kichwa cha Lusinga na Sinema ya Makbeth

Ukitoka Kalemie kwa mtumbwi na kufuata ufuo kwenda kusini, wafika Mpala. Hapo mwaka 1883 Mbelgiji mmoja, Émile Storms, alijenga boma. Jirani yake alikuwa Lusinga, sultani wa Watabwa, aliyepata nguvu kwa bunduki na kwa biashara ya watumwa. Wote wawili walitaka kutawala nchi ile ile. Mwezi wa Desemba 1884 watu wa Storms wenye silaha wakamwua Lusinga, wakamletea bwana wao kichwa chake, naye akalichukua fuvu hata Ubelgiji. Lakini mwaka uliofuata Storms mwenyewe aliamriwa kuwakabidhi Mapadri Weupe boma lake, akarudi kwao.

Kisa hiki chafaa sinema. Ila kionyeshwe namna gani? Atakayejaribu asidhani kwamba yu wa kwanza, maana wenzake wamekwisha kuhangaika na kisa cha aina hiyo hiyo, yaani Makbeth, mchezo ambao Shakespeare wa Uingereza aliuandika yapata mwaka 1606. Katika Kiswahili twaweza kuusoma tangu 1968, S. S. Mushi alipoufasiri. Jemadari hodari wa Uskoti aambiwa na wachawi kwamba atakuwa mfalme. Mkewe amchochea. Basi usiku amwua mfalme Duncan, aliyekuja kulala kwake kama mgeni! Tangu hapo hana usingizi. Damu yaita damu, na mwisho kichwa chake mwenyewe chaletwa mbele ya watu.

Sasa angalieni jambo hili. Katika mchezo wa jukwaani, Duncan hauawi machoni petu. Auawa chumbani, nasi twabaki nje na mke, twamwona mume akirudi na mikono yenye damu. Jukwaa haliwezi kuingia chumbani, kamera yaweza. Je, iingie?

Roman Polanski, katika sinema yake ya mwaka 1971, aliingia. Kisu kinaonekana, na damu inaonekana. Akira Kurosawa wa Japani, mwaka 1957, hakuingia. Aliyahamisha yote mpaka Japani ya zamani, akaacha maneno yote ya Shakespeare, na badala ya wachawi watatu akaweka pepo mmoja anayesokota uzi. Saa ya kuua ilipofika, kamera yake ilibaki na mke peke yake, katika ukimya, hata mume akarudi ameshika mkuki wenye damu. Kwangu mimi ukimya ule watisha kuliko kisu cha Polanski. Aliyeona kisu ameona kifo cha mtu mmoja. Aliyemwona mke akingoja ameona moyo unavyooza.

Orson Welles naye alijaribu huko Marekani, akapiga picha zake kwa siku 23 tu, na sinema ikatoka mwaka 1948. Alitaka waigizaji waseme kwa lafudhi ya Kiskoti, wenye kampuni wakachukizwa, na ikabidi maneno yarekodiwe upya. Kumbe maneno mazuri nayo yaweza kuwa mzigo.

Lakini iliyo karibu nasi zaidi ni Makibefo, ya mwaka 1999. Alexander Abela alikwenda kusini kabisa ya Madagaska, mahali paitwapo Faux Cap, kwa watu wa Antandroy. Hakuchukua waigizaji wa mjini. Wanakijiji wenyewe wakaigiza, kwa lugha yao, juu ya mchanga wa pwani yao. Duncan akawa Danikany, na mke akaitwa Valy Makibefo. Hakuna ngome ya mawe. Upo upepo, bahari na vibanda, na tamaa ni ile ile. Kasoro moja naiona: msimuliaji anayekatiza kwa Kiingereza. Watu wale hawakuhitaji mkalimani, kwa maana nyuso zao zilitosha.

Turudi Mpala. Siku ile Storms hakuwako mlimani. Yeye alituma watu, akangoja. Hata kwake mauaji yalikuwa nyuma ya mlango. Kwa hiyo mimi nisingeipandisha kamera mlimani kutazama panga. Ningeiacha bomani pamoja naye, hadi watu wake watokee njiani wakiwa na mzigo wao. Wala nisingemfanya Lusinga kuwa Duncan mwema, maana hakuwa hivyo: waliouzwa naye walikuwa watu wa nchi hii hii. Hapo tuna Makbeth wawili, kila mmoja na boma lake.

Storms aliandika habari zake katika daftari. Watabwa nao wana masimulizi yao ya siku ile, nayo hayasemi kama daftari lile. Ningekwenda kuwasikiliza wazee wao kabla ya kutafuta kamera.